Miaka sita bila kukaribia Meza ya Bwana: nimekosa nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina miaka 43, ni Mlutheri wa kuzaliwa, nimepata kipaimara na ndoa yangu ni ya kanisani. Miaka sita iliyopita niligombana na wifi yangu kwa ajili ya shamba aliloliacha marehemu baba mkwe. Tulitoleana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo sijashiriki Chakula cha Bwana. Ikitangazwa kwamba Jumapili ijayo kuna Meza, ama natafuta safari, ama nakaa benchi la nyuma na kutoka wimbo wa baada ya mahubiri ukianza. Naogopa lile andiko la kula hukumu. Wifi yangu tunasali naye usharika mmoja. Yeye anakwenda kama kawaida, na akirudi ananipita. Sasa binti yangu yuko darasa la kipaimara, na juzi kaniuliza, "Mama, mbona wewe huendi?" Sikuwa na jibu. Naomba unisaidie mambo mawili. Nikienda hivi nilivyo, nitajiletea hukumu? Na kwa kweli, kuna nini kwenye kile kipande cha mkate ambacho siwezi kukipata nikiomba nyumbani kwangu?

JIBU: Amina, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye neno uliloliandika kama la kupita tu: "ananipita". Nitalirudia huko mbele. Kwanza nikupunguzie hofu, maana mtu aliyeshikwa na hofu hata ukimweleza vipi hasikii.

Andiko linalokutisha linaanzia 1 Wakorintho 11:27: "Basi kila aulaye mkate huo, au kukinywea kikombe hicho cha Bwana isivyostahili, atakuwa amejipatia hatia ya mwili na damu ya Bwana." Wengi tumelisoma kana kwamba Paulo amesema, "mtu asiyestahili asile." Hakusema hivyo. Neno la Kigiriki alilolitumia, anaksios, ni kielezi: linaeleza namna watu walivyokuwa wakila, halipimi mlaji ni mtu wa aina gani. Waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili walikuwa makini hapo. Wameandika "isivyostahili". Sisi tukisikia mahubiri, masikio yetu yanabadilisha lile "isivyo" kuwa "asiye", na kwa silabi mbili hizo watu wamehamia benchi la nyuma.

Sasa walikuwa wanakulaje huko Korintho? Paulo aliandika barua hii akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza. Wakristo wa Korintho hawakuwa na jengo la kanisa. Walikutana nyumbani kwa mmoja wao mwenye uwezo, na Chakula cha Bwana kiliambatana na mlo kamili wa jioni. Chumba cha kulia cha nyumba ya Kirumi kilikuwa na makochi matatu, kila kochi watu watatu, wakila huku wamejiegemeza kwa ubavu. Watu tisa hivi, chumba kimejaa. Waliobaki walikaa uani. Na wa kuwahi walikuwa nani? Wenye nafasi. Mtumwa hakuwa na Jumapili ya mapumziko. Amri ya kupumzika siku hiyo ilikuja na Kaisari Konstantino mwaka 321, zaidi ya miaka 260 baadaye. Mtumwa na kibarua wa bandarini walifika jua limeshazama, jasho halijakauka, wakakuta sahani zimepanguswa. Paulo hakuzungusha maneno: "kila mmoja hutangulia kutwaa chakula chake wakati wa kula, hata huyu ana njaa, na huyu amelewa."

Hiyo ndiyo "isivyostahili". Watu walikula mwili wa Kristo chumbani huku wakiuacha mwili wa Kristo uani na njaa yake. Ndiyo maana mstari wa 29 unasema kosa lao lilikuwa "kutokuupambanua ule mwili". Wanateolojia wanabishana kama mwili unaotajwa hapo ni mkate au ni kanisa. Mimi naona Paulo asingewaelewa wanaobishana. Sura moja kabla alishaandika, "Kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja."

Dawa anayowapa iko mstari wa 33, na ni neno moja: "mngojane". Nimekaa kwenye utumishi miaka mingi, nimesikia mahubiri ya kutosha kuhusu hukumu ya kula vibaya, ila mahubiri juu ya "mngojane" sikumbuki kuyasikia. Tunatoka kwenye hukumu tunaingia moja kwa moja kwenye matangazo.

Angalia pia mstari wa 28: "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate." Ajihoji, kisha ale. Hakuna mahali Paulo anaposema ajihoji kisha akae benchi la nyuma. Hata hukumu anayoitaja, mstari wa 32 unaieleza kuwa ni kurudiwa, kama mzazi anavyomrudi mtoto, "isije ikatupasa adhabu pamoja na dunia". Kwa hiyo ile picha ya mkate unaogeuka sumu mdomoni mwa mwenye dhambi, iondoe. Usiku ule wa kwanza, kwa maelezo ya Luka, mkono wa Yuda ulikuwa mezani. Petro, ambaye kabla jogoo hajawika angekana mara tatu, alikuwepo pia. Kama masharti ya kukaribia yangekuwa usafi, Bwana angekula peke yake.

Nilianza kulielewa neno "mngojane" nyumbani kwa mgonjwa mmoja. Wakati huo nilikuwa mchungaji kijana, nina pikipiki na orodha ya watu saba wa kuwapelekea Sakramenti kabla ya saa nane. Wa tatu alikuwa bibi aliyekuwa kitandani mwaka wa pili. Nikafungua kile kisanduku chetu, nikatandika kitambaa cheupe juu ya stuli, nikamimina divai kwenye kikombe kidogo ambacho hakizidi kofia ya chupa. Nikaanza, "Bwana Yesu, usiku ule aliotolewa..." Bibi akainua mkono. "Subiri, Mchungaji. Binti yuko jikoni." Binti mwenyewe alikuwa msichana wa kazi, mgeni pale nyumbani, amepata kipaimara kwao. Nikasema moyoni, jamani, saa inakwenda. Bibi akafumba macho, akatulia kama mtu aliye kituoni anayejua basi litafika. Nikasikia sufuria ikiepuliwa. Binti akaja anafuta mikono kwa kanga, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda. Ndipo yule mama akafumbua macho akaniambia, "Haya, endelea." Nikatoa vipande viwili vya mkate. Kimoja kikawa cha bosi, kimoja cha mfanyakazi, na vilikuwa sawasawa.

Sasa usifurahi mapema, dada yangu. Nimekuondolea hofu ya mkate, lakini siwezi kukuambia ugomvi wako na wifi hauhusiani na Meza. Unahusiana sana. Dhamiri yako imekosea mahali pamoja tu: imekutuma kukimbia Meza, wakati ilitakiwa ikutume kwa wifi.

Wakristo wa mwanzo waliliona hili waziwazi. Kuna kitabu kidogo kiitwacho Didake, Mafundisho ya Mitume, ambacho wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kinaagiza kwamba siku ya Bwana watu waungame kwanza ndipo wamege mkate, na mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge nao mpaka wapatane. Na Bwana mwenyewe, Mathayo 5: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Hesabu vitenzi vyake: iache, uende, upatane, urudi. Wewe umefika cha kwanza. Umeiacha. Miaka sita umesimama kwenye kitenzi cha kwanza ukidhani ndio utii wote. Sikulaumu, maana hakuna aliyekuambia, na ndiyo aibu yetu sisi wachungaji. Tunajua majina ya wasiotoa ahadi zao, lakini mtu anaweza kukaa miaka sita bila Sakramenti na asipigiwe hodi.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Kuna nini pale?

Anza na neno "ukumbusho": "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Kwa matumizi yetu ya kila siku, ukumbusho ni picha ya marehemu ukutani, au ibada ya mwaka mmoja tangu mzee alale. Unamkumbuka mtu kwa sababu hayupo. Bwana alisema maneno haya kwenye mlo wa Pasaka, na Myahudi mezani pa Pasaka hakumbuki hivyo. Kutoka 13:8 inamwagiza baba amwambie mwanawe, "Ni kwa sababu ya hayo Bwana aliyonifanyia mimi hapo nilipotoka Misri." Aliyonifanyia mimi! Baba huyo alizaliwa karne nyingi baada ya Musa, miguu yake haijakanyaga Bahari ya Shamu, lakini akila ule mkate usiotiwa chachu anasema "nilipotoka". Kukumbuka kwao ni kuingia ndani ya tukio. Basi ukipiga magoti altareni huendi kuwaza habari za mtu aliyekufa zamani. Unaingizwa kwenye usiku ule, na ule usiku unaingizwa kwako.

Hapa makanisa yanatofautiana, na sitakuficha. Wakatoliki wanafundisha kwamba mkate na divai hugeuka katika uhalisi wake kuwa mwili na damu ya Kristo, hata kama macho hayaoni badiliko. Sisi Walutheri tunasema Kristo yupo kweli ndani ya mkate na divai, pamoja navyo na chini yake, na hatuendi mbele zaidi kueleza inakuwaje. Waliomfuata Calvin wanasema Roho Mtakatifu ndiye anayetuunganisha na Kristo tunapokula. Wapo wanaosema ni ishara tu. Kanisa la Marafiki (Quakers), wale wa Kaimosi kule magharibi mwa Kenya, kwa mapokeo yao hawamegi mkate kabisa. Wanasema ushirika na Bwana ni wa moyoni. Oktoba 1529, Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi aliyeshika kwamba ni ishara, walikutana mjini Marburg, Ujerumani, wamalize ubishi. Luther akaandika kwa chaki juu ya meza, kwa Kilatini, "Huu ni mwili wangu", na hakuondoka kwenye maneno hayo. Walikubaliana hoja kumi na nne kati ya kumi na tano. Iliyobaki ilikuwa hii. Mimi ni wa upande wa chaki, na sababu yangu inajibu swali lako kuhusu kuomba nyumbani.

Ukiomba nyumbani, maneno ni yako. Ni mazuri, na usiache. Lakini siku moyo wako ni mkavu, sala nayo inakuwa kavu. Siku unajichukia, unamwomba Mungu aliyefanana na chuki yako. Mtu peke yake na dhamiri yake anaweza kuzunguka miaka, na wewe shahidi. Mezani mambo yako kinyume. Pale husemi, unaambiwa. Sauti inatoka nje yako, kwa kinywa cha mchungaji ambaye pengine humpendi, na inasema, "Mwili wa Kristo uliotolewa kwa ajili yako." Halafu unapewa kitu chenye uzito na ladha. Hapo hakuna kujipakulia. Hata sisi wachungaji tuna mazoea ya kupokea kutoka kwa mkono wa mwenzetu akiwepo. Unanyoosha kiganja kitupu, kama mtoto anayeomba. Ukiwa na hisia, unapokea. Usipokuwa nazo, unapokea vilevile, kwa sababu ahadi haikuwekwa kwenye hisia zako.

Katekisimo Ndogo ambayo binti yako anaikariri sasa hivi, Luther aliitoa mwaka huohuo wa 1529. Inauliza ni nani anayepokea kwa kustahili. Jibu lake ni kwamba kufunga na kujitayarisha kimwili ni utaratibu mzuri wa nje, lakini anayestahili hasa ni yule anayeamini maneno haya: "kwa ajili yenu". Basi. Kwenye Katekisimo Kubwa anaongea kama mzee wa kijijini: anayesema haoni haja ya Sakramenti, na atie mkono kifuani mwake ahakikishe kama bado ana nyama na damu. Na anayengoja mpaka aondokewe na mizigo yake ndipo aje akiwa safi, atangoja milele.

Kuna jambo la tatu lililo ndani ya ule mkate, na hili ndilo ambalo chumbani kwako hulipati hata ukikesha. Yumo mwenzako. Paulo anauita mkate ule "ushirika", kwa Kigiriki koinonia. Sisi Walutheri wa Kiswahili tuna bahati ya kipekee: kanisa la mahali tunaliita usharika, na kinachotokea mezani ni ushirika. Ni mzizi mmoja, na irabu moja tu ndiyo inayoyatenganisha. Didake ile niliyoitaja ina sala nzuri juu ya mkate: kama vile mkate huu ulivyokuwa umetawanyika juu ya vilima ukakusanywa ukawa mmoja, vivyo hivyo kanisa lako likusanywe. Punje mbili za ngano zikishasagwa zikaokwa, nani atazitenga? Wewe unapokula na wifi yako anapokula, hamli vitu viwili vilivyofanana. Mnakula kimoja. Yeye kwa kupokea na wewe kwa kukaa nyuma, mmekuwa mkivuta huku na huku mkate ambao hauvutiki.

Ukipata safari ya Unguja, ingia Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, pale Mkunazini. Soko la watumwa lilikuwa hapo hadi lilipofungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Karibu na altare kuna duara kwenye sakafu ya marumaru. Waongozaji wa wageni watakueleza kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa wakichapwa viboko. Nilikwenda siku ya kazi, kanisa tupu, watalii wawili wanapiga picha. Nikawaza: hapa mwili wa mtu ulipangiwa bei. Na hapahapa mtu anainua mkate anasema, mwili huu umetolewa, bure. Nikamkumbuka mtumwa wa Korintho aliyekuta sahani tupu. Mahali pale mtumwa amewekewa meza.

Askofu wa kanisa hilo kuanzia 1908 hadi alipofariki mwaka 1924 alikuwa Frank Weston, na kisa chake kina la kutufunza, kuhusu ukali na kuhusu huruma. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kwenye misheni ya Waskoti, kupanga jinsi ya kushirikiana. Siku ya mwisho askofu wa Kianglikana wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu, na Wapresbiteri na Wamethodisti wakapokea pamoja na Waanglikana. Weston kusikia, moto ukawaka. Akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamepotoka. Kesi ilisumbua Uingereza yote. Jibu lilipotoka, watani wakalifupisha hivi: ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe tena kamwe. Mimi kwa kesi hiyo sikubaliani na Weston. Lakini mwaka 1923, London, mbele ya mkutano mkubwa wa wenzake walioipenda sana Sakramenti, ubani na mavazi yake, mtu huyuhuyu mkali aliwaambia kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu aliyemo kwenye tabenakulo la altare, kile kisanduku cha kuhifadhia mkate wa Sakramenti, kama hawamhurumii Yesu aliye kwenye vibanda vya maskini. Aliwaambia watoke nje wakamtafute huko. Hapo alimfikia Paulo moja kwa moja: chumbani na uani, mwili ni mmoja.

Usidhani nakuhubiria nikiwa ng'ambo salama. Usharika mmoja niliotumika, mimi na mzee wa kanisa mmoja tulikaa miezi minne hatusalimiani. Chanzo kilikuwa hela za kupaua nyumba ya mtumishi, na kila mmoja alikuwa na daftari lake linalomtetea. Wakati wa Meza yeye ndiye aliyeshika trei ya vikombe, mimi natoa mkate. Tulizunguka altare bega kwa bega, tumevaa vizuri, hatutazamani. Mwisho, kwa desturi ya pale, wahudumu ndio wanaopokea wa mwisho. Nikamgeukia. Ilibidi nimwambie yeye, usoni, "uliotolewa kwa ajili yako". Dada yangu, lile "yako" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimelisema mara mia mbili asubuhi ile bila shida. Hatukukumbatiana, hakuna aliyelia. Baada ya ibada nilimkuta anahesabu vikombe chumba cha maandalizi, nikamwambia lete lile daftari lako tulitazame wote. Tulilitazama mpaka saa kumi. Nusu ya hesabu alikuwa sahihi yeye.

Kwa hiyo nifanye nini, utaniuliza.

Kama ungekuwa umetengwa na usharika, ningekuambia upite kwanza kwa mchungaji wako akuongoze kurudi kundini, kwa sababu utaratibu huo upo na una maana yake. Lakini wewe hukutengwa na mtu. Umejitenga mwenyewe. Hata hivyo nenda kaongee naye faraghani, umweleze ulichonieleza, na uombe maungamo ya binafsi. Walutheri wengi wanadhani hayo ni ya Wakatoliki. Luther hakuyaacha, na kwenye Katekisimo amefundisha namna ya kuungama. Anza wewe kusikia "umesamehewa" kabla hujaenda kutafuta wa kupatana naye. Ukienda bila kusamehewa, utakwenda kudai.

Kisha mwendee wifi. Usitume mtu, usitume ujumbe wa simu. Nenda nyumbani kwake, saa ambayo si ya chakula asije akadhani umefuata wali. Usianze na shamba. Anza na yale maneno mliyotoleana, na utaje yako tu. Ya kwake mwachie mwenyewe. Kupatana si kutia sahihi hati. Kama suala la shamba liko Baraza la Ardhi, liendelee huko kwa amani, na kama haki ni yenu, haki ibaki haki. Nimewaona ndugu wakipinga kesi mchana na kushika vikombe pamoja Jumapili, nimewaona pia waliogawana shamba sawasawa kwa mkanda wa kupimia na mioyo yao ikabaki na mpaka.

Akikufungia mlango? Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wako. Ukishautimiza upande wako, usimpe wifi ufunguo wa Meza ambayo si yake. Nenda ukale. Na mkate huo utakuwa unakufanyia kazi kuhusu wifi kila unapoumeza, taratibu, kama chakula chochote kinavyofanya kazi.

Na lile neno "ananipita". Umejiuliza kama naye akipita pale anakuogopa? Pengine kila akirudi kutoka altareni anakuona umeinama benchi la nyuma, anahisi ni yeye aliyekuzuia, na hajui aanzie wapi. Pengine sivyo, mimi simjui. Lakini miaka sita nyote wawili mmekuwa mkisoma migongo. Majirani zetu Wasabato wana desturi ya kuoshana miguu kabla ya Meza, na mimi nawaonea wivu kwa hilo, maana huwezi kushika kisigino cha mtu kwenye beseni huku unajifanya hukumwona.

Kuhusu binti yako, mjibu ukweli: ulikuwa unaogopa, na ulikuwa umekasirika. Ataelewa kuliko unavyodhani. Halafu mwambie akae nawe jioni moja akusomee kwa sauti ile sehemu ya Sakramenti ya Altare. Kuikariri ni lazima aikariri hata hivyo.